KUMTAMBUA BATA BUKINI ADIMU KATIKA ZIWA KERKINI

Kaskazini ya Ugiriki, karibu na mpaka wa Bulgaria, kuna ziwa liitwalo Kerkini. Ziwa hili ni kazi ya mikono ya watu: lilipatikana baada ya bwawa kujengwa katika mto Strymon mwaka 1932, na bwawa jipya likajengwa mwaka 1982. Hata hivyo ndege wa maji wamelikubali kana kwamba lilikuwapo tangu kale. Mwari huzaliana hapo, heroe huja, na kando ya maji hulisha makundi ya nyati wa kufugwa. Kiasi cha maji hubadilika sana kwa kufuata majira, kwa sababu maji hayo hutumiwa kumwagilia mashamba. Yanapopungua, ukingo wa ziwa hubaki malisho mapana yenye majani mafupi na tope.

Katika malisho hayo, kuanzia mwezi Oktoba, hushuka mabata bukini wa porini wanaoikimbia baridi ya nchi za kaskazini. Kwa mtazamaji asiyezoea wote ni wamoja: ndege wa rangi ya kijivu na kahawia, wanaochunga majani kama mbuzi huku mmoja baada ya mwingine akiinua kichwa kulinda. Walio wengi huitwa na wataalamu *Anser albifrons*. Lakini miongoni mwao, au kando yao kidogo, huwapo wachache wa aina nyingine, *Anser erythropus*, ambayo ni adimu kabisa katika Ulaya. Aina zote mbili zina baka jeupe kwenye paji la uso, juu tu ya shina la mdomo. Kwa ajili ya wepesi wa maelezo, katika makala hii *albifrons* ataitwa paji-jeupe mkubwa, na *erythropus* ataitwa paji-jeupe mdogo.

Kuwatenganisha ndege hawa wawili kuna uzito kuliko inavyodhaniwa. Katika nchi nyingi wanazopitia, paji-jeupe mkubwa huwindwa kwa ruhusa ya sheria katika msimu maalumu, hali paji-jeupe mdogo analindwa na ni kosa kumpiga. Mwindaji aliyejificha alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya maji, huwa na nukta chache tu za kuamua ni ndege gani anayepita juu ya kichwa chake. Mpango wa kimataifa wa kumhifadhi paji-jeupe mdogo, uliotolewa mwaka 2008, unataja uwindaji kuwa tishio kubwa kuliko yote kwa ndege waliokomaa, na kufanana kwake na jamaa yake mkubwa kuwa sehemu ya tatizo hilo. Mpango huo uliwekwa chini ya mkataba wa kulinda ndege wa maji wahamao wa Afrika, Ulaya na Asia, uliofanywa katika mji wa The Hague mwaka 1995. Tanzania, Kenya na Uganda pia ni wanachama wa mkataba huo.

Ukoo wa bata bukini

Msomaji wa Afrika Mashariki anamfahamu bata bukini kwa kumwona uani, akinyoosha shingo na kuwafukuza watoto. Jina lake lina historia yake, kwani Bukini ni jina la zamani ambalo watu wa pwani walikiita kisiwa cha Madagaska. Ndege mwenyewe hakuanzia huko. Bata bukini wa kufugwa wa Ulaya anatokana na *Anser anser* wa porini, na yule wa Kichina, mwenye kinundu juu ya mdomo, anatokana na *Anser cygnoides*. Aina zote za porini za jamii ya *Anser* huzaliana katika nusu ya kaskazini ya dunia, na hazifiki katika maziwa yetu. Bata wa Misri, aonekanaye kwa wingi Naivasha na Manyara, huitwa bata bukini na Wazungu, lakini yumo katika jamii nyingine iitwayo *Alopochen*. Hali kadhalika yule bata mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye kiwiko cha bawa naye ana jamii yake, *Plectropterus*.

Kwa hiyo anayetaka kumfikiria paji-jeupe mdogo na amwanzie yule wa uani. Ampunguze mpaka awe karibu nusu ya uzito, ampe rangi ya kahawia iliyoiva, shingo fupi na mabawa marefu ya msafiri. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba mabata bukini wa porini hushika sana ndoa na jamaa. Dume na jike hukaa pamoja kwa miaka, na watoto hufuatana na wazazi wao katika safari ya kwanza na kukaa nao muda mrefu wa majira yale ya baridi. Desturi hiyo humsaidia sana mtazamaji, kama itakavyoonekana.

Alama za kutazamwa

Kabla ya kuwalinganisha mapaji-jeupe, hapana budi kuwatoa kwanza jamaa wengine wanaoweza kuwa katika kundi. *Anser anser* ni mkubwa, mnene, mwenye kichwa kikubwa cha kijivu, na anaporuka sehemu ya mbele ya bawa huonekana nyeupe-kijivu kutoka mbali. Hana baka jeupe kamili la usoni wala mistari mipana myeusi ya tumboni. Huyo hutambulika haraka, na mtazamaji mwenye uzoefu wa siku mbili tatu hatapoteza wakati kwake.

Kazi huanza wanapobaki mapaji-jeupe peke yao. Wengi hutafuta kwanza ukubwa, kwa kuwa majina yenyewe yanasema mkubwa na mdogo. Ni kweli kwamba paji-jeupe mdogo ana urefu wa takriban sentimeta 53 hadi 66 kutoka mdomo hadi mkia, na mkubwa takriban 65 hadi 78. Lakini katika uwanda usio na mti wala jiwe la kulinganishia, ndege aliye umbali wa mita 400 hana ukubwa. Ana umbo tu. Tena jike dogo la paji-jeupe mkubwa halizidi sana dume kubwa la paji-jeupe mdogo. Ukubwa una maana pale tu ndege wawili wanaposimama bega kwa bega, na hata hapo udongo ukiwa na mashimo mmoja huweza kuonekana mfupi kwa sababu miguu yake imezama.

Alama inayosifiwa kuliko zote ni pete ya manjano kuzunguka jicho. Paji-jeupe mdogo ana kope nene za manjano zilizovimba kidogo, na katika mwanga mzuri pete hiyo hung'aa kama iliyopakwa rangi. Hata watoto wa mwaka wanayo, ingawa haijakolea kama ya wazazi. Alama hii ni nzuri mno, ndiyo maana huwaponza watu. Baadhi ya mapaji-jeupe wakubwa nao wana ukingo mwembamba wa manjano au wa rangi ya chungwa kwenye jicho, na mtazamaji mwenye hamu ya kugundua kitu adimu huuona ukingo huo kuwa mpana kuliko ulivyo. Pete ya jicho iwe ushahidi mmoja katika kesi yenye mashahidi wengi.

Shahidi wa pili ni lile baka jeupe lenyewe. Kwa paji-jeupe mkubwa baka huzunguka shina la mdomo na kuishia kwenye paji, kwa kawaida bila kufika usawa wa juu wa macho. Kwa mdogo baka hupanda, likapita katikati ya macho na kufika utosini, hata akiinamisha kichwa kula huonekana kama amevaa kofia nyeupe iliyosukumwa nyuma. Likitazamwa kutoka ubavuni, ncha ya baka huwa juu ya jicho au nyuma yake kidogo. Tatizo ni kwamba watoto wa aina zote mbili hawana baka hili wanapoanza safari yao ya kwanza. Huota polepole katika miezi ya baridi. Katika mwezi wa Oktoba mtoto asiye na baka hawezi kuhukumiwa kwa alama hiyo.

Hapo ndipo mdomo unapofaa. Mdomo wa paji-jeupe mdogo ni mfupi, wa pembetatu, wenye rangi ya waridi iliyokolea. Mdomo wa mkubwa ni mrefu zaidi. Rangi yake ni ya waridi kwa ndege wa Ulaya na Urusi, na ya chungwa kwa wale wanaozaliana Greenland. Ufupi wa mdomo hubadilisha uso mzima. Paji la mdogo hupanda wima kutoka mdomoni, kichwa kikawa cha mviringo, na uso wake ukawa kama wa mtoto. Watazamaji wazoefu wengi hukiri kwamba huuona kwanza uso huo, kisha ndipo huanza kuhesabu alama nyingine ili kujithibitishia. Njia hiyo haina ubaya maadamu uthibitisho unafanyika kweli.

Kichwa na shingo ya mdogo huwa na kahawia ya giza zaidi, na tofauti kati ya shingo na kidari huonekana waziwazi. Mabawa yake yakikunjwa hupita ncha ya mkia, hali ya mkubwa hufika karibu na ncha hiyo tu. Alama hii ya mabawa ni ya kuaminika sana kwa ndege aliyesimama katika majani mafupi. Katika majani marefu haionekani kabisa, na bahati mbaya ni kwamba mabata bukini hupenda majani.

Tumboni kwa wakubwa wa aina zote mbili mna mabaka meusi yaliyokaa kama mistari ya kukingama. Kwa kawaida mdogo anayo machache. Lakini hesabu ya mabaka hutofautiana sana kutoka ndege hadi ndege, na mapaji-jeupe wa mwaka wa kwanza hawana hata moja. Kwa kutambua aina, mabaka ni ushahidi dhaifu. Kwa kazi nyingine yana thamani kubwa, nayo itaelezwa mwishoni.

Yabaki mambo mawili ambayo vitabu vingi hutaja kwa ufupi, ingawa huko ziwani yanaweza kutangulia yote. La kwanza ni mwendo. Paji-jeupe mdogo hula kwa haraka. Hudonoa upesi upesi na kupiga hatua za haraka, hata katika kundi lililotulia huonekana kama mtu mwenye safari katikati ya watu wanaopumzika. Mtu akilipitisha jicho la darubini polepole juu ya ndege mia tatu, yule anayekwenda mbio kuliko wenziwe anastahili kutazamwa mara ya pili. La pili ni sauti. Paji-jeupe mkubwa hulia kwa sauti ya kuchekacheka. Mdogo hulia kwa sauti nyembamba zaidi, ya juu na ya haraka. Kundi linaporuka usiku, sikio ndilo pekee linalofanya kazi.

Na mtoto asiye na baka wala mistari? Hapa desturi ya jamaa humwokoa mtazamaji. Mtoto huyo husimama karibu na wazazi wake, huwafuata wanapohama mahali pa kula, na huruka nao. Dakika kumi za kungoja huweza kueleza jambo ambalo alama za mwili hazikuweza.

Vyombo vinavyohitajika si vingi. Darubini ya mkononi hutosha kulipata kundi, lakini pete ya jicho katika umbali wa mita mia kadhaa huhitaji darubini kubwa iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu. Jua liwe nyuma ya mtazamaji. Joto la mchana hufanya hewa iliyo juu ya tope itetemeke, na ndani ya darubini kila kitu hucheza. Kwa hiyo asubuhi na jioni hufaa zaidi. Mtazamaji asisogee karibu ili kuona vizuri. Ndege aliyepaa hatambuliki kwa jicho lake, na ndege wa baridi anayerushwa mara kwa mara hupoteza mafuta anayoyahitaji kwa safari ya kurudi.

Kundi la mto Severn

Mfano mashuhuri wa jambo hili ulitokea Uingereza. Mwezi Desemba 1945, Peter Scott, mchoraji na mtaalamu wa ndege wa maji, alikwenda Slimbridge, penye malisho ya chumvi kando ya mlango wa mto Severn. Kila mwaka mapaji-jeupe wakubwa kutoka Urusi walikuwa wakikaa hapo kwa wingi majira ya baridi. Wakati huo paji-jeupe mdogo alikuwa ameandikwa mara chache mno katika nchi ile, na watu walimhesabu kuwa mgeni wa ajabu. Scott alikuwa na wazo tofauti: kwamba huenda ndege hao hupotea na kufuatana na makundi ya jamaa zao wakubwa, ila hakuna aliyekuwa akiwatafuta kwa makini katikati ya maelfu.

Alitazama kundi, ndege mmoja baada ya mwingine, akampata paji-jeupe mdogo. Mahali penye ndege wengi kiasi kile, na ambapo kitu adimu kama kile kiliweza kupatikana kwa uvumilivu tu, Scott alipaona panafaa kwa kituo cha utafiti. Mwaka uliofuata, 1946, alianzisha hapo Slimbridge shirika la kuhifadhi na kuchunguza ndege wa maji, ambalo lipo hadi leo. Scott ndiye yule yule aliyeichora nembo ya panda kwa ajili ya mfuko wa dunia wa wanyama wa porini mwaka 1961.

Ugunduzi wa Slimbridge ulikuwa pia na upande wake wa hatari. Baada yake watu wengi wakajifunza kuwa ukilitazama kundi kwa muda wa kutosha utampata mmoja. Na anayetazama akiwa na yakini ya kupata, aghalabu hupata, awepo asiwepo.

Wasio wa porini

Mtazamaji aliyekwisha kuhakikisha alama zote bado ana swali jingine: je, ndege huyu ametoka wapi? Paji-jeupe mdogo hufugwa katika bustani za ndege za Ulaya kwa sababu ya uzuri wake, na mara kwa mara mmoja hutoroka. Ndege wa namna hiyo huweza kuwa na pete ya mfugaji mguuni, bawa lililokatwa, au ukosefu wa woga usio wa kawaida. Mtu akiweza kumsogelea bata bukini wa porini mpaka hatua kumi, na ashuku.

Tena kuna waliochanganyika damu. Aina za jamii ya *Anser* huzaana zenyewe kwa zenyewe, hasa utumwani, na mtoto huweza kuchukua pete ya jicho ya mzazi mmoja na mdomo mrefu wa mwingine. Jambo hili lilizua matata makubwa Sweden. Huko, kati ya 1981 na 1999, mapaji-jeupe wadogo waliozaliwa katika vizimba waliachiliwa porini wakilelewa na mabata bukini wa aina nyingine, *Branta leucopsis*. Kusudi lilikuwa la busara: bata bukini hujifunza njia ya safari kwa wazazi, na wazazi wale wa kambo waliwapeleka Uholanzi, mbali na nchi za mashariki ambako wengi walikuwa wakipigwa risasi. Watoto wakaishika njia hiyo na kuwafunza watoto wao. Lakini uchunguzi wa chembe za urithi ulipofanywa, iligunduliwa kwamba katika ndege wa vizimbani mlikuwa na damu ya paji-jeupe mkubwa. Uachiliaji ukasimamishwa, na ulipoanza tena baadaye ulitumia ndege wenye asili ya Urusi waliochukuliwa porini. Wataalamu walibishana kwa miaka kuhusu jambo hili, na kwa haki kila upande ulikuwa na hoja: mmoja ulitaka kuokoa idadi, mwingine ulitaka kuokoa aina yenyewe.

Njia mbili za kuelekea Ugiriki

Ndege wanaofika Kerkini hawakupitia Uholanzi. Wao ni mabaki ya kundi la asili la kaskazini ya Norway na sehemu za jirani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kundi la nchi hizo lilikadiriwa kuwa na ndege zaidi ya 10,000. Mpango wa 2008 ulipotolewa, jozi zilizosalia kuzaliana zilikadiriwa kuwa 20 hadi 30 hivi. Kundi dogo namna hiyo haliwezi kustahimili hata risasi chache. Mzazi mmoja akiuawa, mwenziwe naye huenda asizae mwaka unaofuata.

Safari yao imefuatwa kwa pete za rangi za miguuni na kwa vyombo vidogo vya redio vinavyosikiwa na setilaiti. Katika matokeo yake limo jambo moja ambalo pengine hakuna aliyelitarajia. Kuna njia mbili za kwenda Ugiriki, na ndege huichagua kwa kufuata kama ana watoto au hana.

Kila mwaka bata bukini hupukutika manyoya yote makubwa ya mabawa kwa wakati mmoja, na kwa wiki kadhaa hawezi kuruka. Wazazi wenye vifaranga hukaa papo hapo Norway wakati huo, kwa kuwa vifaranga nao hawajui kuruka. Manyoya yakisha kuota, jamaa nzima hushuka kusini kupitia nyanda za Hortobágy za Hungaria hadi Kerkini. Lakini jozi iliyopoteza mayai au vifaranga mapema haina cha kuizuia. Huondoka kwenda kubadilisha manyoya mbali mashariki, katika Urusi ya kaskazini, na kutoka huko hurudi kwa mzunguko mkubwa. Mwaka 2006 ndege waliofungwa redio Norway walifuatwa wakipita Urusi na Kazakhstan kabla ya kufika Ugiriki. Njia hiyo ni ndefu zaidi, nayo hukatisha katika nchi ambako mabata bukini huwindwa sana.

Hivyo mbweha anayekula mayai huko Norway humpeleka mzazi kwenye bunduki iliyo maelfu ya kilometa kutoka hapo, ingawa yeye mwenyewe hakumgusa. Wanorway walipoufahamu mkufu huo walianza, mwaka 2008, kupunguza mbweha wekundu katika eneo la kuzalia. Kifaranga anayeokolewa huko huwaokoa na wazazi wake, kwa kuwabakiza katika njia fupi.

Kutokana na hayo huonekana kwa nini hesabu ya Kerkini inasubiriwa kwa hamu. Mtazamaji wa Ugiriki hahesabu vichwa tu. Huandika wangapi ni wakubwa na wangapi ni watoto wasio na mistari tumboni, jamaa ngapi zilifika mapema na ndege wangapi wasio na watoto walifika nyuma yao. Akiwachanganya mapaji-jeupe wadogo watano na jamaa zao wakubwa, katika kundi lisilofika mia kadhaa amekwisha kuiharibu habari ya mwaka mzima.

Na hapa ndipo yale mabaka meusi ya tumboni, yaliyoonekana hayafai kitu, yanapopata kazi. Mpangilio wake haufanani kwa ndege wawili, kama alama za vidole vya binadamu. Katika vinamasi vya Valdak, penye pwani ya Porsangerfjord, ambako ndege hawa hutua mwezi Mei kabla ya kutawanyika kwenda kutaga, watazamaji wa Norway huwapiga picha wanapoinuka na kugeuka, kisha huchora tumbo la kila mmoja, ubavu wa kulia na wa kushoto. Jozi hutambuliwa hivyo bila kushikwa wala kufungwa pete. Mwezi Agosti na Septemba jamaa zilizofanikiwa hurudi Valdak na vifaranga wao, na michoro hutolewa tena. Mtazamaji wa Kerkini mwenye darubini nzuri na subira, ndege akisimama ubavu katika majani yaliyolishwa na nyati, huweza kuchora naye mabaka anayoyaona, akiandika tarehe, saa na idadi ya watoto waliosimama kando.